Kauli Moja ya Ukoo

Jumamosi ile ya Oktoba ukoo wa Rutebuka ulikutana Columbus kumchagua rais wa Marekani. Usicheke. Wamarekani wenyewe walikuwa wamejipangia kuifanya kazi hiyo tarehe tano Novemba, mmoja mmoja, kila mtu amejificha nyuma ya kipande cha ubao kama anaiba, lakini watu wa milima ya Kivu Kusini hawana desturi hiyo ya kujificha. Jambo zito linakaliwa kikao, wazee wanaongea mpaka makoo yakauke, na mwishowe ukoo unatoka na kauli moja. Waliozana hivyo, walihama hivyo, hata vita walivikimbia hivyo. Rais ni nani hata asichaguliwe hivyo?

Kikao kilifanyika sebuleni kwa Rutebuka, shemasi wa kanisa, kwenye nyumba ya kupanga kando ya barabara ya Morse. Wanaume sita walikuwa wamekaa kwenye makochi. Wa saba, Mchungaji Nshuti, kaka mkubwa wa Rutebuka, alikuwa ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Nshuti anaishi Buffalo, mtaa wa Riverside, katika jimbo la New York, ambako matokeo ya urais hujulikana kabla karani hajaamka. Kura yake haina kazi huko, kwa hiyo alikuwa amejipa kazi ya kupiga kura kwa mikono ya wadogo zake wa Ohio.

"Bon," alisema Nshuti baada ya sala ndefu. "Mambo iko tatu. Ya kwanza mimba. Ya pili mutu mwenyewe. Ya tatu ushuru. Tuanze na mimba."

Ya mimba haikuchukua muda. "Mtoto ni wa Mungu," alisema Rutebuka, na aliyasema hayo kwa moyo wake wote. Imani hiyo hakuiokota kwenye televisheni. Yeye na mkewe Leya walizika watoto wawili wakiwa mbioni, mmoja wa miezi minne, mwingine wa miaka miwili, na mtu aliyechimba kaburi dogo kwa panga la kuazima ana haki ya kusema alichonacho juu ya uhai. Mwaka mmoja kabla, wananchi wa Ohio walipoulizwa kama haki ya kutoa mimba iingizwe kwenye katiba ya jimbo, Rutebuka alifunga siku tatu kavu ili hoja ianguke. Hoja ikapita. Aliona aibu kana kwamba ni yeye aliyeomba vibaya.

Ya mtu mwenyewe ilikuwa na miiba kidogo. Wazee haohao walikuwa wamemzuia Ruta, mpiga kinanda wa kanisa, asikiguse kinanda miaka miwili kwa kosa la kuoa mara ya pili, na sasa mgombea waliyemtaka alikuwa ameoa mara tatu. "Ruta ni mukristo," alifafanua Nshuti. "Yule ni prezida. Haiko kitu moja." Yule mama aliyekuwa akishindana naye walimpima kwa dakika mbili wakaona kasoro yake: anacheka sana. Hoja hiyo ilimtosheleza kila mtu.

"Lakini banasema yule bwana atafunga mulango ya barefujie," mzee mmoja akanong'ona.

"Atafungia bengine," alisema Nshuti. "Siye tuko ndani."

Leya, aliyekuwa akiwamiminia chai ya maziwa, ana dada yake kambini Uganda anayesubiri faili la kuja Marekani kama mkimbizi, mwaka wa kumi na moja sasa. Alisikia vizuri. Akaendelea kumimina.

Kwenye ushuru ndipo palipokuwa patamu. Cubaka, mtu wa kabila la Washi kutoka Bukavu, mwenye duka la vyakula hapo Morse, hakuwa wa ukoo, ila yeye ndiye aliyeleta sukari, kwa hiyo aliruhusiwa kuongea. "Ushuru njo dawa!" alipiga goti. "Mchina atalipa mpaka atalia!"

"Lakini anayelipa si Mchina, Tonton," Kirezi, binti wa mwisho wa Rutebuka, alisema kutoka kwenye ngazi. Ana miaka kumi na saba na ugonjwa wa kusoma. "Analipa yule anayeingiza mzigo. Ni wewe."

"Miye? Ndagala zangu zinatoka Tanganyika, mwanangu, si China."

"Na fufu? Na mawese? Na yale masufuria?"

Cubaka alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akaomba sukari yake mwenyewe. Rutebuka alimwamuru binti akafanye kazi za shule. Naye alikuwa na sababu yake ya kuupenda ushuru. Kiwanda chake kinatengeneza rafu za chuma, saa za kazi zilikuwa zimepungua, na mgombea alikuwa ameahidi kwamba chuma kitarudi. Msimamizi alikuwa amewaambia kwamba saa zimepungua kwa sababu chuma cha nje kimetozwa ushuru kikapanda bei. Maneno hayo mawili hayakukutana kichwani mwa Rutebuka, maana yaliingia siku tofauti.

Kauli moja ikapatikana. Wazee wakasema amina, wakamaliza maandazi.

Usije ukadhani kwamba upande wa pili ulikuwa na akili zaidi. Juma hilohilo msichana mmoja wa kampeni kutoka mtaa wa Clintonville alikuwa amebisha hodi mlangoni, fulana imejaa maandishi, akamweleza Leya kuhusu mwili wa Leya, polepole na kwa sauti ya juu, kama anayesema na kiziwi. Leya amezaa mara saba. Alisikiliza kwa adabu. Msichana alimwachia karatasi ya Kihispania, na Leya akafungia maandazi.

Wageni walipotoka, Rutebuka alijaza kura yake ya posta, akatia sahihi, akanyoosha mkono kuomba ya mkewe. Kambini ni yeye aliyekuwa akiweka kidole kwenye kadi ya posho kwa niaba ya watu wote wa nyumba, na tangu hapo hakuna fomu iliyowahi kupita bila mkono wake.

"Yako iko wapi?"

"Iko mu sakosi yangu," alisema Leya, akiuonyesha mkoba wake kwa kidevu.

"Lete nijaze."

"Acha nimalize kuosha vyombo," alisema Leya. Vyombo vya siku ile havikuisha.

* * *

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi simu ilitoka Louisville. Huko Kentucky anaishi Gaju, binti mkubwa wa Rutebuka, miaka ishirini na sita, na mumewe Cyubahiro, anayepakia mizigo ghalani. Gaju alikuwa na mimba ya kwanza, wiki ya kumi na nane. Cyubahiro aliongea na mama mkwe kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, mpaka Leya akamfokea aseme.

"Chupa imepasuka, Mama. Maji yote imetoka. Tuko ku hospitali."

Leya alimpigia mumewe kiwandani. Rutebuka akamwendea msimamizi, kijana wa miaka ishirini na minane ambaye humwita shemasi kwa jina lake la kwanza kama anaita paka, akaomba ruhusa.

"Nani mgonjwa?" aliuliza kijana kwa Kiingereza, macho kwenye tableti.

"Binti yangu."

"Ana umri gani?"

"Ishirini na sita."

"Basi ni mtu mzima." Kijana aligusa kioo mara mbili. "Ukitoka sasa ni pointi mbili. Una nne tayari. Zikifika saba huna kazi, unajua."

Rutebuka alisema anajua. Alisema asante pia, Mungu anajua kwa lipi. Aliondoka mbele ya wenzake wote waliojifanya hawakusikia, na saa nne yeye na Leya walikuwa barabarani kuelekea kusini.

* * *

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alieleza taratibu, na Gaju mwenyewe, akiwa kitandani na midomo imekauka, akawatafsiria wazazi wake kama anasoma barua ya mtu mwingine. Maji yameisha. Mtoto hawezi kuishi, si leo, si kwa muujiza wa mashine yoyote. Lakini moyo wake bado unapiga, na sheria ya Kentucky haimruhusu daktari kuimaliza mimba mpaka moyo usimame au mama awe hatarini.

"Na sasa hayuko hatarini?" aliuliza Leya.

"Ana homa kidogo tu," alisema daktari, akatazama pembeni. "Wanasheria wa hospitali wanakutana ghorofa ya juu. Wanajadili kidogo ni kiasi gani."

Kwa hiyo mkutano wa kwanza ulikuwa juu, wa watu waliovaa tai, wakiulizana Gaju augue mpaka wapi. Mkutano wa pili uliitishwa chini, kwenye korido, karibu na mashine ya kuuza biskuti, na huo aliuitisha Rutebuka. Ungemfanyaje? Jambo lilikuwa zito, na jambo zito linakaliwa kikao. Alifungua WhatsApp, akawaita wazee sita wa ukoo na Mchungaji Nshuti.

Nshuti alipatikana akiwa kwenye mapumziko ya dakika kumi na tano katika ghala la vipuri huko Buffalo. "Tuombe kwanza," alisema. Sala ilichukua dakika kumi na moja. Zilizobaki alizitumia kueleza kwamba Mungu aliyefunga bahari hashindwi kufunga chupa. Kisha kengele ikalia kule kwao. "Donc tutaendelea saa ya chakula," alisema, na kikao kikaahirishwa kwa saa mbili. Joto la Gaju lilikuwa thelathini na nane nukta mbili.

Cyubahiro alikuwa amesimama ukutani na kofia mkononi. Kwa adabu za kwao mkwe hazungumzi penye kikao cha wakwe zake mpaka aulizwe, na hakuna aliyemwuliza. Mke alikuwa wake, mtoto alikuwa wake, na yeye alikuwa akisoma bei za biskuti. Leya naye si mjumbe, maana kikao ni cha wanaume. Alikaa ndani akimkanda binti yake kwa kitambaa cha maji.

"Mama, sitaki kufa," alisema Gaju kwa sauti ndogo. "Nilimutaka huyu mtoto. Nilimununulia soksi. Lakini sitaki kufa."

"Hutakufa," alisema Leya. Hakuwa na hakika, akakichovya kitambaa tena.

Saa kumi kikao kilirejea. Wazee watatu walisema Gaju asubiri, muujiza upo. Wawili walisema kama daktari anaona hakuna njia, basi hakuna njia, na hiyo si kutoa mimba, ni kutibu mtu. Hapo wale watatu wakauliza, sasa Jumamosi tulikubaliana nini? Rutebuka alisikiliza, simu imemlowa jasho mkononi. Alijua wanachokisema maana ni maneno yake mwenyewe, aliyahubiri yeye, na yalikuwa yakimrudia sasa kwa sauti za watu wengine.

"Na Rugaba anasema nini?" aliuliza Nshuti.

Rugaba, mzee wa sita, hakuwepo. Rugaba ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa Nebraska, sehemu isiyokuwa na mtandao.

"Hatuwezi kutoa kauli bila Rugaba," alisema Nshuti. "Ukoo ni ukoo. Tumusubiri."

Ni hapo daktari alipotoka chumbani. Thelathini na nane nukta tisa. Alimwita Leya pembeni, akamwita na Cyubahiro atafsiri, akaongea huku akikunja kikaratasi kidogo.

"Wanasheria?" aliuliza Cyubahiro.

"Bado. Mmoja wao yuko likizo, wanamtafuta." Daktari alimnyooshea Leya kikaratasi. "Mimi siruhusiwi kuwashauri chochote. Ila ningekuwa na wazazi Ohio, ningekwenda kuwasalimia leo. Sasa hivi. Kuna mwenzangu Columbus, namba yake hii, atakuwa anawasubiri. Homa ikipita thelathini na tisa na nusu mkiwa Cincinnati, ingieni hospitali ya kwanza mtakayoiona."

Leya alikwenda moja kwa moja kwa mumewe, akamnyooshea mkono mbele ya wazee wote waliokuwa kwenye kioo cha simu.

"Baba Gaju, funguo."

"Bazee hawajamaliza. Bado tunamusubiri Rugaba."

"Basi baki nabo. Wale ba juu banamusubiri mwanasheria wabo, siye ba chini tunamusubiri dereva ya lori. Mtoto wangu hatasubiri mwanaume hata mumoja tena. Nipe funguo nitafute mutu wa kuniendeshea."

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, hajawahi kumsemesha hivyo mbele ya watu. Kwenye simu Nshuti alisema, "Shemasi, tulia, tuombe," akaanza kuomba papo hapo. Rutebuka alitazama simu, akamtazama mkewe. Kisha akaitia simu mfukoni, bila kukumbuka kuikata, akaenda kumbeba binti yake. Sala ya Nshuti ilishuka nao kwa lifti, ikavuka maegesho yote, na ilikuwa bado haijafika amina walipowasha gari.

* * *

Rutebuka haendeshi zaidi ya maili hamsini na tano kwa saa. Watoto wake wamemcheka kwa hilo miaka yote. Siku ile alikwenda tisini, mikono miwili kwenye usukani, Gaju amelala kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwa mumewe, na Leya ameshika kipimajoto kilichotoka kwenye sanduku la mfadhili fulani wa wakimbizi.

"Thelathini na tisa," alisema Leya walipokaribia Cincinnati. "Na nukta moja."

Walipita daraja la mto Ohio, na upande ule wa pili ulikuwa Ohio. Rutebuka alikuwa amefunga siku tatu bila tone la maji ili mlango huu ufungwe, na Mungu hakumsikiliza. Alimshukuru Mungu kwa kutomsikiliza. Alimshukuru kwa sauti ya chini ili Leya asisikie, lakini Leya alisikia, akatazama dirishani.

Columbus walikuwa wanasubiriwa kweli. Muuguzi alileta fomu na kalamu, na mkono wa Rutebuka ukatangulia kama kawaida yake.

"Samahani, mzee," alisema muuguzi kwa Kiingereza cha upole. "Anatia sahihi mgonjwa."

Gaju alitia sahihi. Herufi zake zilipinda kidogo. Cyubahiro akaingia naye, mlango ukafungwa, na kazi yote haikuchukua hata muda wa kile kikao cha korido na maahirisho yake. Alikuwa mtoto wa kiume. Muuguzi alimfunika kwa kitambaa cheupe, akawaacha wamshike, na Rutebuka alimshika kwenye kiganja kimoja akalia kwa kwikwi.

Baadaye, kwenye viti vya plastiki vya chumba cha kungojea, Leya alifungua sakosi yake. Chini ya kadi za bima na mswaki ilikuwepo ile bahasha ya kura. Aliiweka gotini, akaweka Biblia chini yake iwe meza, akaanza kujaza viduara vyeusi kimoja kimoja, polepole, mkono wa kushoto ukifunika karatasi kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu.

Rutebuka alikohoa. "Unakumbuka vile tulikubaliana?"

"Mulikubaliana."

"Umechagua nani?"

Leya alilamba bahasha, akaibana kwa ngumi, akatia sahihi yake mwenyewe. "Nimejaza yangu," alisema, na akairudisha kwenye sakosi. Rutebuka hakuuliza tena. Kama alimchagua yule bwana au yule mama, mpaka leo hajui, na hata mimi sikuambii.

* * *

Asubuhi ya siku ya pili ujumbe wa Nshuti ulifika. "Shemasi, ukoo na kanisa banauliza. Tuwaambie batu nini?"

Gaju alikuwa amelala akiutazama ukuta. Leya alikuwa amekwenda kutafuta uji. Rutebuka alikaa kando ya kitanda, akafikiri sana. Alifikiri juu ya Jumapili, juu ya kiti chake cha mbele, juu ya Ruta na kinanda chake. Kisha akaandika kwenye kundi la kanisa, kundi lenye watu mia na nane kutoka Louisville mpaka Buffalo: "Bwana asifiwe. Gaju yuko salama. Mimba ilitoka yenyewe njiani. Tumushukuru Mungu."

Amina ya kwanza ilifika kabla hajaishusha simu. Ikaja ya pili, ya kumi, ya arobaini, na mikono ya kuomba ya rangi zote. Nshuti akaongeza: "Munaona? Mungu hahitaji mikono ya munganga!" Amina zikaongezeka. Ndipo Rutebuka aliposikia kwamba kila amina inalia mara mbili, mara moja mkononi mwake na mara moja chini ya shuka. Gaju naye yumo kwenye kundi lile, tangu siku ya harusi yake.

Shuka likatikisika. Kidole kilikuwa kikiandika, kikisimama, kikiandika. Simu ya Rutebuka ikalia.

"Haikutoka yenyewe," ilisema. "Nilitia sahihi, munganga akanisaidia. Papa njo aliniendesha. Aksanti sana Papa."

Safari hii hakuna aliyeandika amina. Watu mia na nane walinyamaza kwa pamoja, kauli moja kweli. Kisha Nshuti akapiga, sauti imekwaruza.

"Futa ile ujumbe! Weye njo kiongozi ya kundi, futa! Andika kama mutoto iko na homa, hajui anasema nini."

Rutebuka aligeuka. Gaju alikuwa ameacha ukuta, anamtazama, macho mekundu, bila hofu yoyote. Rutebuka aliweka kiganja chake kwenye paji la uso la binti yake, akakiacha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Homa imeshuka, Mukubwa," alisema, akakata simu.